Mzee akishagawa mali, nani anabaki upande wake?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuna kikundi cha kusoma tamthilia, na sasa tunasoma Mfalme Lear ya Shakespeare. Wenzangu wengi wanasema mzee yule alijitakia: aligawa mali kwa kiburi, akamfukuza mwanawe aliyempenda kweli, basi asilie. Mimi nashindwa kukubaliana nao kwa sababu nyumbani kwetu mama, mwenye miaka 78, anataka kumwandikia kaka yangu nyumba. Kaka alihamia kwake baada ya kupoteza kazi, na anasema ni bora hati ihamishwe sasa "ili mama apumzike na usumbufu". Mama akiulizwa anasema ni sawa, ila kabla ya kujibu humwangalia kaka kwanza. Je, tamthilia za kale zina lolote la kutusaidia kuwalinda wazee, au nachanganya mchezo na maisha? Na nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huchanganyi hata kidogo. Hati ya nyumba, mtoto aliyehamia, neno "apumzike", na lile jicho linalomtafuta kaka kabla mdomo haujajibu: haya waandishi wa tamthilia wameyaweka jukwaani kwa zaidi ya miaka 2,400. Nimefundisha tamthilia muda mrefu, na nimekaa na familia nyingi zinazovutana juu ya mzee wao. Kila nikirudi kwenye maandishi hayo nakuta jambo lile lile. Kabla ya kipigo, njaa na wizi, huondolewa kwanza watu wa kumsemea mzee, mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi huondolewa kwa maneno ya upole. Kwa hiyo nitakujibu nikifuata swali moja: katika kila hatua, nani bado yuko upande wa mzee, na nani ameshaondolewa?

Kwanza ujue hili si tatizo la familia yenu peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi, wanaoishi katika jamii, hupatwa na aina fulani ya unyanyasaji ndani ya mwaka mmoja. Humo mna kupigwa, kutukanwa na kutishwa, kudhalilishwa kijinsia, kunyang'anywa fedha na mali, na kutelekezwa. Maelezo yanayotumiwa na wataalamu wengi, yaliyomo katika Azimio la Toronto la 2002, yanasema unyanyasaji wa mzee ni tendo, au kuacha kutenda lipasalo, ndani ya uhusiano ambao mzee alitazamia uaminifu. Hapo kwenye uaminifu ndipo penye uchungu. Mwizi wa barabarani hamhitaji mzee amwamini, lakini mtoto, mke, mjukuu, mtumishi na wakili wanamhitaji. Kikulacho ki nguoni mwako. Madaktari wa Uingereza walianza kuandika waziwazi katika majarida yao juu ya wazee wanaopigwa na jamaa zao mwaka 1975. Jukwaa lilikuwa limeshayaona mambo hayo karne nyingi kabla yao.

Sasa hao wenzako wanaosema alijitakia. Nawaelewa. Katika onyesho la kwanza Lear ni mzee wa kuudhi. Ana zaidi ya miaka 80, amezoea kuamrisha, na anawataka binti zake watatu washindane kusema nani anampenda zaidi ili wapate fungu la nchi. Goneril na Regan wanamvisha kilemba cha ukoka, naye anakivaa. Cordelia anakataa kuupigia upendo mnada, anafukuzwa bila urithi. Ni upumbavu, tena upumbavu wa kikatili. Ila ukali wa mzee haumwondolei haki ya kulala ndani, kula na kuheshimiwa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeliona likiua huruma ya familia nzima: "Alivyotutesa sisi utotoni, na yeye aonje." Mzee mpole hupata watetezi kirahisi. Mzee mkorofi hubaki mikononi mwa yeyote aliyekubali kukaa naye, na mara nyingi huyo ndiye wa kuogopwa zaidi.

Someni tena siku ile ya kugawa, safari hii kama mngekuwa mawakili wake. Lear anatoa ardhi yote, mapato yote na madaraka yote. Anajiwekea sharti moja: abaki na jina la mfalme na wapambe 100 wapanda farasi, akae kwa binti mmoja mwezi mmoja, kwa mwingine mwezi unaofuata. Sharti hilo ni la mdomo. Hakuna aliyeambiwa alisimamie likivunjwa, na hakuna lolote linalorudi kwake likivunjwa. Halafu tazameni nani wanatoka ukumbini. Cordelia anaondoka na mfalme wa Ufaransa. Kent, mtumishi aliyethubutu kumwambia bwana wake kwamba anakosea, anafukuzwa nchini. Saa ileile aliyotoa mali yote, Lear amewafukuza watu wawili pekee waliosema kweli mbele yake. Anasema anataka kujivua mizigo ili atambae kuelekea kifo akiwa mwepesi. Maneno hayo hayako mbali na "mama apumzike na usumbufu", ingawa Lear aliyatamka mwenyewe, na kwenu yanatamkwa na atakayepokea nyumba.

Kabla onyesho halijaisha, dada wawili wanabaki peke yao na kuanza kuzungumzia udhaifu wa umri wa baba yao na haja ya kuchukua hatua mapema, moto ungali unawaka. Shakespeare hakuwachora kama mashetani tangu mwanzo, na ndiyo maana tamthilia hii ina faida kwetu. Goneril analalamika kwamba wapambe wa baba wanapiga kelele, wanalewa na kugombana ndani ya nyumba yake. Inawezekana kabisa ni kweli. Kuishi na mzee mwenye wapambe 100 si mchezo, kama vile si mchezo kuishi na mzee anayeamka usiku mara nne. Kosa lake liko kwingine. Anamwita msimamizi wake wa nyumba, Oswald, na kumwagiza yeye na wenzake wamhudumie mzee kwa ulegevu, wamwonyeshe uso wa kuchoka, ili akikasirika apate sababu ya kugombana naye. Utelekezaji wa makusudi ndio huo, na hauachi alama mwilini. Muda mfupi baadaye Lear anamwuliza Oswald, "Mimi ni nani?" Oswald anajibu, "Baba wa bibi yangu." Mtu aliyekuwa mfalme juzi sasa anatambulishwa kwa jina la anayemlisha. Ukimtembelea mama yako, sikiliza jinsi anavyotajwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Onyesho ambalo ningependa kikundi chenu mlisome kwa sauti, polepole, ni lile la hesabu. Liko mwishoni mwa tendo la pili. Goneril ameshapunguza wapambe 50 kwa mkupuo mmoja. Lear anamkimbilia Regan akiamini huyu ana moyo. Regan anamwambia: wewe ni mzee, unapaswa kuongozwa na mtu anayeijua hali yako kuliko unavyoijua wewe. Lear anapiga magoti kwa uchungu kuonyesha jinsi ombi lake lingekuwa: nakiri kwamba mimi ni mzee, naomba mnipe nguo, kitanda na chakula. Goneril anafika. Regan anasema yeye atapokea 25 tu. Hapo Lear anamgeukia Goneril na kusema maneno yanayoniumiza kila nikiyasikia: 50 ni mara mbili ya 25, kwa hiyo upendo wako ni mara mbili ya wake, nitakwenda na wewe. Goneril anauliza, kwa nini uhitaji 25, au 10, au 5? Regan anamaliza: hata mmoja wa nini?

Waone wanavyofanya. Hakuna aliyepaza sauti kwanza, na kila punguzo limekuja na sababu yake. Punguzo la kwanza likishakubaliwa, la pili linaonekana dogo. Na mzee mwenyewe ameingizwa katika hesabu hiyo kiasi kwamba sasa anapima upendo wa wanawe kwa idadi waliyomwachia, akimshukuru aliyemnyang'anya kidogo. Majumbani haianzi kwa wapambe. Inaanza kwa simu: "Mama, simu inakuchosha, tutakuwa tunakupokelea." Inafuata kadi ya benki, kisha safari za ibada, kisha rafiki wa miaka mingi anayeambiwa leo mama amelala. Lear anajibu kwamba haja ya mtu haipimwi hivyo, kwamba hata ombaomba ana kitu kidogo kilichozidi mahitaji yake, na ukimwachia binadamu kinachomtosha kuishi tu umemfanya sawa na mnyama. Nimewahi kuwasomea maneno hayo wahudumu wa wazee waliokuwa wakibishana kama kuna haja ya mzee asiyetoka nje kubaki na pochi yake mkononi. Walinyamaza, kisha wakairudisha.

Baada ya hesabu unakuja mlango. Dhoruba imeanza, mzee ametoka nje kwa hasira, na agizo ni kwamba milango ifungwe. Nyumba hiyo ni ya Gloucester, mzee mwingine, ambaye anataka kumsaidia Lear. Analalamika baadaye kwamba wageni wamemnyang'anya matumizi ya nyumba yake mwenyewe na kumkataza kabisa kumzungumzia Lear, kumwombea au kumsaidia kwa namna yoyote. Shahidi wa mwisho naye amezibwa mdomo. Hapo ndipo kipigo kinapata nafasi: Gloucester anaasi katazo hilo, na anang'olewa macho akiwa amefungwa kwenye kiti ndani ya nyumba yake.

Hadithi ya Gloucester inafaa itazamwe kivyake, maana inakuhusu wewe unayetaka kulinda. Mwanawe Edmund anaghushi barua na kudai imeandikwa na Edgar, mwana mwingine. Pamoja na barua hiyo anamwambia baba yake kwamba amemsikia Edgar mara nyingi akisema wana wakishakomaa na baba wakazeeka, baba awe chini ya ulezi wa mwana na mwana ayashike mapato. Unaona ujanja ulipo? Edmund anautumia woga wa mzee wa kunyang'anywa ili apate kumnyang'anya. Gloucester hamwulizi Edgar ana kwa ana. Hamwiti mtu wa tatu kuutazama mwandiko. Anamwamini aliye karibu, na muda mfupi baadaye mwana mwaminifu yuko mafichoni. Kwa hiyo mtu anayemjaza mzee maneno ya "wenzangu wanataka mali yako, mimi tu ndiye wa kuaminika" ni wa kuchunguzwa. Nakuomba uchunge usije ukawa wewe, hata kwa nia njema. Ukienda kwa mama yako ukaanza kwa kumwambia kaka ni mwizi, utakuwa umetumia mlango ule ule.

Haya hayakuwa ndoto za mshairi tu. Mwaka 1603, miaka mitano kabla ya Mfalme Lear kuchapishwa kwa mara ya kwanza, binti mkubwa wa mzee mmoja Mwingereza, Brian Annesley, alitaka baba yake atangazwe kuwa amerukwa na akili ili mali yake isimamiwe na wengine. Binti mdogo, aliyeitwa Cordell, alimwandikia Robert Cecil, mshauri mkubwa wa mfalme, akipinga: mtu aliyemtumikia Malkia Elizabeth muda mrefu hakustahili kuandikishwa kichaa katika siku zake za mwisho. Hadithi ya Lear ilikuwa na umri mrefu kuliko kesi hiyo, na binti mwema alikuwa na jina la aina hiyo tangu zamani. Lakini watazamaji wa London hawakuhitaji kuelezwa kwamba mambo ya namna hii hutokea.

Kuna namna ya pili ya kumwinda mzee, isiyo na dhoruba wala damu, na aliyeieleza vizuri kuliko wote ni mwandishi Mfaransa Molière katika tamthilia yake ya mwisho, ya 1673, juu ya Argan, mtu mwenye mali anayejidhania mgonjwa daima. Mkewe wa pili, Béline, anamwita mwanangu, anamrundikia mito mgongoni na kumfunika vizuri. Kisha anamleta mthibitishaji wa hati. Mtaalamu huyo anaeleza kwamba sheria haimruhusu Argan kumwachia mkewe mali kwa wosia, halafu, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, anaeleza njia za kuizunguka: mpe rafiki wa mkeo kwa siri, naye atampa yeye baadaye, au mpe fedha taslimu mkononi sasa hivi. Béline analia kwamba hataki kusikia habari za mali, mumewe akifa naye atakufa. Katikati ya kilio anauliza: umesema zimo ngapi pale ukutani? Watu hucheka, na wana haki ya kucheka, lakini mstari huo ni kipimo kizuri. Msikilize anayesema hataki mali huku akijua kila hati iko wapi na ina thamani gani.

Mtumishi Toinette ndiye anayemwokoa Argan. Anamshauri ajifanye amekufa. Béline anaingia, anashukuru kwa kutuliwa mzigo, anamwita marehemu mchafu na mkohozi, na kabla ya kuwaita watu anataka kuchukua karatasi na fedha. Maiti inaamka. Kwenye jukwaa ni tamu sana. Nyumbani sikushauri mtego wa aina hiyo, maana mtego humvunja mzee mwenyewe hata ukifanikiwa. Kuna kipimo chepesi zaidi, nitakufikisha.

Upande wa tatu wa jambo hili uko katika tamthilia ya Mgiriki Sophocles juu ya Oedipus akiwa mzee, iliyoonyeshwa mwaka 401 K.K., baada ya mwandishi kufa. Oedipus ni kipofu na mhamishwa, anaongozwa na binti yake Antigone. Walipomfukuza nyumbani hakuna aliyemzuia. Sasa utabiri umesema kaburi lake litailinda nchi itakayokuwa nalo, na ghafla Creon, shemeji yake, anakuja na maneno matamu: rudi nyumbani, mzee wetu, watu wako wanakuita. Oedipus anamjibu kwamba alipotaka kubaki walimtupa, na sasa wanamtaka kwa faida yao. Creon anaacha utamu. Ameshamkamata binti mmoja, sasa anamkamata na Antigone, na kumwambia mzee hatatembea tena akiegemea fimbo hizo mbili. Creon anajua akiondoa watunzaji mzee atafuata popote. Anayezuia hayo ni Theseus, mtawala wa Athene walikokimbilia, mtu asiye na undugu na Oedipus. Anatumia nguvu za serikali kuwarudisha mabinti, bila kumwuliza mzee kama alistahili. Nawaomba wasomaji wenye dhamana, walimu, viongozi wa mitaa, watu wa benki, wauguzi, wamtazame huyo Theseus vizuri.

Waathene waliyafanya mambo haya kuwa ya sheria. Mtoto alilazimika kuwalisha na kuwapa wazazi makazi, na aliyewatesa alishtakiwa na kupoteza haki zake za uraia. Mtu aliyeteuliwa kushika madaraka aliulizwa kwanza kama anawatendea vizuri wazazi wake. Lakini Cicero, mwandishi Mrumi, anasimulia juu ya Sophocles mwenyewe kwamba wanawe walimpeleka mahakamani wakidai uzee umemwondolea akili na hafai kusimamia mali. Mzee aliwasomea mahakimu tamthilia hiyo ya Oedipus aliyokuwa ametoka kuiandika, akawauliza kama inafanana na kazi ya mtu aliyepungukiwa. Wakamwachia huru. Naitaja kwa sababu wanaokuja kumnyang'anya mzee uamuzi wake huja pia kwa jina la kumlinda. Mama yako ana miaka 78. Huo ni umri, si ugonjwa. Hata mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuwa na uwezo wa kuamua jambo moja na asiwe nao kwa jingine, au akawa sawa asubuhi na kuchanganyikiwa jioni. Kumlinda kwa kumnyamazisha ni kumwondolea mtetezi mmoja zaidi, ambaye ni yeye mwenyewe.

Basi twende nyumbani kwenu.

Nyumba ikihamishwa kwa hati imehama. Wosia ni kitu kingine: mama anaweza kuubadilisha wakati wowote akiwa hai na akili zake timamu. Anayetaka kaka apate nyumba baada yake ana njia ya wosia, wala hahitaji kutoa hati leo. Swali la kwanza kwa kaka, kwa sauti ya kawaida, ni hilo: kwa nini hati na si wosia? Huenda akawa na sababu nzuri. Lakini wengi hawajafikiri kwamba nyumba ikiwa kwa jina la kaka inaweza kuingia katika madeni yake, katika mgogoro wa ndoa yake, au katika mirathi yake endapo atatangulia kufa. Anaweza kuwa mtoto mwema kabisa na mama bado akajikuta mpangaji wa mtu asiyemjua. Wazee wa vijijini katika Uingereza ya karne za kati walilijua hili kuliko Lear. Walipowaachia watoto shamba waliandikisha katika mahakama ya mwenye ardhi kiasi cha nafaka, kuni na chumba watakachopewa, na aliyevunja alishtakiwa. India iliweka wazo hilo katika sheria ya mwaka 2007: mzee aliyetoa mali kwa sharti la kutunzwa, asipotunzwa, anaweza kuomba uhamisho huo ubatilishwe. Mahali penu sheria inaweza kuwa tofauti, na hapo ndipo wakili anapohitajika, wakili wa mama, asiyelipwa na kaka wala na wewe. Kama mama ataamua kutoa, basi iandikwe haki yake ya kuishi humo maisha yake yote, nani atalipia matibabu, na nini kitatokea wakikosana.

Watazamaji wa London walishindwa kuvumilia mwisho wa Lear, ambamo yeye na Cordelia wanakufa. Kuanzia 1681 walionyeshwa toleo la Nahum Tate ambamo mzee anarudishiwa ufalme wake, na toleo hilo likatawala jukwaa mpaka 1838, mwigizaji Macready alipourudisha mchezo wa Shakespeare. Nawaelewa nao pia. Ila familia nyingi zinazonijia zimeishi kwa kutumainia toleo la Tate, kwamba mambo yakiharibika mali itarudi tu. Mkono mtupu haulambwi, na mali iliyokwisha kuhamishwa, kuuzwa au kuwekwa rehani hairudi kwa machozi.

Kabla ya wakili, kaa na mama peke yenu, mahali ambapo kaka hayupo na hatarajiwi kuingia. Usimwulize kama anataka kutoa nyumba. Mwulize angependa kuishi vipi miaka inayokuja, nani amtunze, nini kinamtia hofu, pensheni yake inafika mkononi mwa nani, mara ya mwisho kumtembelea rafiki yake ilikuwa lini. Kisha mwombe akueleze kwa maneno yake: nikitoa nyumba nitabaki na nini? Akiweza kueleza hayo bila kutafuta uso wa mtu, huenda uamuzi ni wake kweli. Akinyamaza, akilia, au akirudia sentensi za kaka neno kwa neno, una sababu ya kusimamisha shughuli. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, zawadi kubwa kwa mtu anayetegemewa na mzee inaweza kupingwa mahakamani kwa sababu ya shinikizo, na jambo ambalo mahakama hutazama sana ni kama mzee alipata ushauri huru.

Kipimo nilichokuahidi ni hiki: mwombe kaka muda, na umwombe mtu wa tatu ahusike. Mtu mwenye nia safi anaweza kuudhika, lakini atakubali kusubiri miezi mitatu, atakubali mama aende kwa wakili bila yeye, atakubali shangazi au kiongozi wa dini akae nao. Mwenye nia nyingine atakuwa na haraka, atasema mnamdhalilisha mama, na ziara zako zitaanza kukosa nafasi. Na umtazame kaka naye kwa haki. Kumtunza mzee mchana na usiku bila kupumzika humgeuza mtu mwema kuwa mkali, na anayeishi kwa mfuko wa mama baada ya kupoteza kazi yuko katika hali ambayo watafiti wameiona mara nyingi nyuma ya unyanyasaji: mtesaji kumtegemea anayeteswa. Pangeni zamu. Changeni kitu kila mwezi cha kumlipa kaka kwa kazi ya kumtunza mama, kiandikwe, ili asione nyumba ndiyo malipo pekee yaliyobaki.

Ukiona majeraha yasiyoelezeka, dawa zisizotumiwa, njaa, mlango unaofungwa kwa nje, au fedha zinazotoka benki bila mama kujua, usisubiri kikao cha familia. Nenda hospitali, polisi au ofisi ya ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, ukiwa na tarehe na picha. Katika onyesho la kung'olewa macho yupo mtumishi mmoja, Shakespeare hakumpa hata jina, anayemwambia bwana wake Cornwall, mume wa Regan, aache. Anachomoa upanga dhidi ya mtu aliyemtumikia tangu utotoni, na anauawa. Wenzake wawili wanabaki wakipanga kumpaka Gloucester ute wa mayai na kitani usoni. Watu hao wana nafasi ndogo sana katika mchezo, nami naomba kikundi chenu kiwape wasomaji wazuri.

Ikiwa baada ya yote hayo, akiwa peke yake na wakili wake, mama atasema bado anataka kumpa kaka nyumba, mwandikieni masharti ya kumlinda na mheshimuni. Nyumba ni yake. Wewe endelea kwenda, siku zisizopangwa na zilizopangwa, na simu ya mama ibaki mkononi mwa mama.